Kutaka Shauri kwa Aliye Mbali
Somo kwa wazazi walioelemewa

Ndugu msomaji, somo letu la mwezi huu lahusu swali ambalo wazee wetu hawakuulizwa, lakini siku hizi laulizwa mara kwa mara pale waumini wapya wanapobaki kuzungumza baada ya sala. Swali ni hili: Mzazi aliyeelemewa na mambo ya nyumba yake, je, yafaa amweleze siri zake mtu asiyemjua, aliye katika mji wa mbali, kwa njia ya simu na mtandao? Au kufanya hivyo ni kuifunua nyumba yake, tena ni dalili ya upungufu wa imani?

Swali hili si dogo. Mtu akikosea jibu kwa upande mmoja, atanyamaza kwa kuona haya mpaka mtoto aumie au ndoa ivunjike. Akikosea kwa upande wa pili, ataitupa heshima ya nyumba yake mikononi mwa walaghai. Basi na tulitazame kwa utulivu, hatua kwa hatua.

1. Mfano wa mama wa Soweto

Katika jiji la Mbeya uko mtaa uitwao Soweto. Chukua mfano wa mama mmoja akaaye huko. Usimtafute ni nani, kwa maana mfano huu umekusanywa kutokana na hali za wengi, hata wa Iringa wataona kwamba ni wao wanaosemwa.

Mume wake ni dereva wa lori. Hupita Tunduma kwenda Zambia na Kongo, na huweza kukaa wiki tatu asionekane nyumbani. Mama huyu huuza nguo za mitumba Mwanjelwa. Wanapanga vyumba viwili na wana watoto watatu. Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne. Lakini sare, madaftari, nauli na chakula havikufutwa. Mwaka jana mtaji ulipopungua alikopa kwa watu wa ile mikopo ambayo wenyewe mtaani wameiita kausha damu, na sasa marejesho humjia kila wiki kama homa.

Mtoto wake wa kwanza ana miaka 13. Ameanza kurudi usiku, kujibu kwa jeuri, na kuficha simu. Jioni moja ya baridi ya mwezi wa Julai, mama huyu alirudi sokoni akiwa hajauza kitu, akakuta ndoo hazina maji na mtoto hayupo. Mtoto aliporudi, alimpiga. Hakumpiga kama mtu anayeonya, bali kama mtu anayelipiza. Alipoacha, mkono wake mwenyewe ulikuwa ukitetemeka, na wadogo wawili walikuwa wamejibanza nyuma ya kitanda wakimtazama kwa hofu. Usiku ule hakulala. Aliogopa nafsi yake.

Asubuhi, rafiki yake wa sokoni alimpa namba ya mshauri nasaha aliyeko Dar es Salaam, anayezungumza na wazazi kwa simu. Mama huyu ameiweka namba hiyo kwenye kanga siku nne, hajapiga. Ni Mwislamu wa miaka miwili tu. Wazazi wake walioko Rungwe ni Wakristo wa Moraviani, nao walimwambia siku aliposilimu kwamba njia aliyoichagua ataibeba mwenyewe. Anajiuliza: Nikimweleza mtu baki, si nitakuwa nimeitia aibu dini yangu mpya? Watu hawatasema kwamba Mungu wangu hakunitosha?

2. Zamani mzigo huu ulibebwa na wengi

Kabla ya kumjibu, yafaa tufahamu kwa nini mzigo umekuwa mzito hivi. Si kwa sababu wazazi wa leo ni dhaifu kuliko wa jana. Ni kwa sababu mzigo uliokuwa ukibebwa na watu ishirini sasa hubebwa na wawili, na mara nyingi na mmoja.

Huko huko Rungwe, mtaalamu Monica Wilson aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938 aliandika habari za vijiji vya marika. Kijana wa kiume alipofika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, aliondoka katika boma la baba yake akaenda kujenga na wenzake wa rika lake. Walilala kule, lakini walikwenda kula pamoja kwa mama zao kwa zamu. Mama mmoja alilisha watoto wa wengi, na wake mwenyewe alilishwa na wengi. Kwa hiyo ule umri ambao leo humshinda mama wa Soweto akiwa peke yake katika vyumba viwili, zamani ulikuwa umewekewa utaratibu na jamii nzima. Pwani nako binti alikuwa na somo wake, na wanandoa walikuwa na mshenga wa kumrudia mambo yalipoharibika.

Hatusemi kwamba kila la zamani lilikuwa jema. Twasema tu kwamba mtu hakuachwa peke yake. Jiji limewakusanya watu karibu karibu, lakini limewatenganisha na wazee wao. Na wewe uliyeingia katika dini peke yako umeongezewa utengano wa pili, kwa kuwa wale wazee ambao ungewaendea huenda wamekununia.

Hapa yakupasa ujue jambo moja. Katika Sura ya Luqmani, Kurani Tukufu yataja hali yako hasa: wazazi wanaomvuta mtoto wao aiache imani ya Mungu Mmoja. Imeamriwa asiwatii katika hilo. Lakini papo hapo imeamriwa akae nao kwa wema katika mambo ya dunia. Malezi ya mjukuu wao ni katika wema huo. Basi usidhani kwamba kusilimu kumekukatia njia ya kumwendea mama yako na kumwambia, "Mama, mtoto amenishinda, nifanyeje?" Huenda swali hilo likawa ndilo daraja. Walakini ikiwa mlango huo kwa sasa umefungwa, hukukatazwa kubisha mlango mwingine.

3. Je, kutaka shauri ni upungufu wa imani?

Wako wanaosema kwamba mwenye kusali hana haja ya mshauri. Maneno haya yana sura ya uchaji, lakini Kurani Tukufu yenyewe haikufundisha hivyo.

Mtazame Nabii Yaakubu a.s. Alipompoteza mwanawe Yusufu alilia mpaka macho yake yakaharibika. Alisema wazi kwamba huzuni yake anamshtakia Mwenyezi Mungu. Lakini katika mazungumzo yale yale aliwaamuru wanawe waende wakatafute, wala wasikate tamaa na rehema ya Mungu. Alilia mbele ya Mungu, na papo hapo akatuma watu njiani. Kadhalika Mtukufu Mtume s.a.w. alimwelekeza mtu aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga, kwamba kwanza amfunge, ndipo amtegemee Mungu. Kutafuta njia ni sehemu ya kutegemea.

Tena iko habari iliyo karibu zaidi na mama wetu wa Soweto. Alikuwako Madina mwanamke aitwaye Khaula binti Thaalaba. Mume wake, Ausi bin Samit, alimtamkia kwa hasira yale maneno ya ujahili ya kumfananisha mke na mgongo wa mama, ambayo kwayo mwanamke aliachwa kati: si mke, wala si mtalikiwa. Imepokewa kwamba alikuwa na watoto wadogo, akahofu kwamba akiwaacha kwa baba watapotea, na akiwachukua yeye watakufa njaa. Je, alikaa kimya ili asiifunue nyumba yake? Hapana. Alikwenda kwa Mtukufu Mtume s.a.w., akaeleza, akasisitiza, hata akajadiliana. Nayo Sura ya 58 ikateremka, ikianza kwa kusema kwamba Mungu amekwisha kusikia maneno ya mwanamke huyo. Sura yenyewe ikapewa jina kutokana na kujadili kwake, na desturi ile mbaya ikalaaniwa.

Ndugu msomaji, hebu zingatia. Shida ya nyumba moja, iliyosemwa na mama mmoja aliyeelemewa, haikuonwa na Mwenyezi Mungu kuwa ni umbeya wala upungufu wa imani. Iliandikwa katika Kitabu.

4. Siri na amana

Lakini yatupasa tuangalie na upande wa pili. Nabii Yaakubu a.s. huyo huyo ndiye aliyemwonya Yusufu asiwasimulie ndugu zake ndoto yake. Hakumkataza kuisimulia kabisa, maana yeye mwenyewe alisimuliwa. Alimkataza kuisimulia kwa wenye husuda. Hapa twapata kanuni: swali si kwamba nitaeleza au sitaeleza, swali ni nitamweleza nani.

Na katika habari ya Khaula liko jambo dogo lenye mafunzo makubwa. Bibi Aisha r.a. amesimulia kwamba alikuwa pembeni mwa chumba kile kile, na baadhi ya maneno ya mwanamke yule hakuyasikia. Maana yake mazungumzo yalikuwa ya chini. Mtukufu Mtume s.a.w. alifundisha pia kwamba mwenye kutakwa shauri amewekewa amana. Basi siri ya mwenye shida ni kama fedha iliyowekwa. Mshauri anayeitoa nje ni mwizi.

Kwa kipimo hiki, kumweleza mtu mmoja mwenye elimu na amana ili upate dawa ni kutafuta tiba. Kuyaandika mambo ya mume wako katika kundi la WhatsApp lenye watu 200, ili wakuonee huruma, ni kuivua nyumba nguo barabarani. Mambo haya mawili yote hufanyika kwa simu ile ile; lakini umbali kati yao ni kama wa mbingu na ardhi.

5. Ushauri wa mbali hufanyaje kazi

Jambo hili si geni kama linavyodhaniwa. Mwaka 1953 kasisi mmoja wa London, Chad Varah, alianza kupokea simu za watu waliofikia hatua ya kutaka kujiua, na kutokana na kazi hiyo likazaliwa shirika la Samaritans. Iligunduliwa kwamba mtu mwenye aibu mara nyingine huweza kusema kwa simu yale ambayo uso kwa uso yasingemtoka.

Kwetu Tanzania, tangu mwaka 2013 iko Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, inayoendeshwa na shirika la C-Sema kwa ushirikiano na Serikali. Hupigwa bila malipo, usiku na mchana. Si watoto peke yao wanaoweza kuipiga, bali na mzazi pia, au jirani mwenye wasiwasi juu ya mtoto. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowafungia wazazi na watoto majumbani katika nchi nyingi, mafunzo mafupi ya malezi yalitolewa na mashirika ya kimataifa kwa lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwemo. Na mwaka 2023 programu ya simu iitwayo ParentApp, iliyotengenezwa kwa ajili ya wazazi wenye vijana wa miaka 10 hadi 17, ilijaribiwa huko Mwanza. Nayo iliundwa ili iweze kutumika hata mahali ambapo intaneti haipatikani kila wakati.

Ama ushauri nasaha wenyewe, huwa hivi. Mshauri huanza kwa kukuuliza hali yako, na kukueleza mipaka ya siri: kwamba utakayosema hayatatoka, isipokuwa pale maisha ya mtu, hasa ya mtoto, yakiwa hatarini. Kisha hupanga nawe muda, kwa kawaida kiasi cha saa moja, mara moja kwa wiki. Hakuhukumu, wala hakupi amri. Hukuuliza maswali mpaka wewe mwenyewe uone hasira yako huanzia wapi, na hukupa jambo dogo la kujaribu hadi mtakapozungumza tena. Mwenye kutarajia kwamba mara moja tu itamaliza kila kitu atakata tamaa bure.

Na kwa kuwa wengi wetu twakaa nyumba za kupanga, ambazo ukuta wake hausitiri sauti, chagua mahali na wakati. Wengine huzungumza watoto wakiwa shuleni; wengine hutembea hadi mahali pa wazi. Tumia spika za masikioni. Jumbe ulizokwisha kuzisoma zifute, na simu iwe na namba ya siri, hasa ikiwa hushikwa na watoto.

6. Namna ya kumpima mshauri

Mtandaoni mwema na mlaghai huvaa kanzu moja. Basi mpime kwa mambo haya matano:

Kwanza, muulize amesoma wapi na anafanya kazi chini ya nani. Mshauri wa kweli hachukizwi na swali hilo. Nchini mwetu iko Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1973, na viko vyuo vikuu vinavyofundisha elimu hii.

Pili, ajue mpaka wake. Akisema anatibu kila kitu, mkimbie. Mwaminifu hufika mahali akasema, "Hili ni la daktari," au "Hili ni la polisi."

Tatu, gharama yake iwe wazi tangu mwanzo. Wako wanaojiita waganga, wanaotangaza katika mitandao kwamba watamrudisha mume kwa siku tatu au kumtuliza mtoto mtukutu kwa dawa ya kuchoma. Leo atataka fedha ya ubani, kesho ya mbuzi, na siku ukikataa atakutisha kwa siri zako mwenyewe. Huu ni wizi, na juu ya wizi ni ushirikina.

Nne, asitake picha zako, wala namba ya siri ya fedha zako, wala asikutenge na watu wako wema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yakupa haki ya kulindiwa habari zako. Lakini mlinzi wa kwanza ni wewe.

Tano, asiidharau imani yako. Si lazima awe Mwislamu. Fundi mwema wa ujenzi hujenga nyumba imara hata kama hasali pamoja nawe. Lakini akikuambia kwamba sala yako ndiyo ugonjwa wako, huyo hakujui.

7. Mashine inayojibu

Siku hizi ziko pia programu za kompyuta ambazo mtu huziandikia shida zake nazo zikamjibu kama mtu. Mwaka 1966 mwalimu Joseph Weizenbaum wa Marekani alitengeneza programu iitwayo ELIZA, iliyoiga maneno ya mshauri kwa kuyarudisha maneno ya mwenye shida kama maswali. Katibu wake, aliyejua fika kwamba ile ni mashine, baada ya kuandika maneno machache alimwomba bwana yule atoke chumbani. Weizenbaum alishtuka, na miaka iliyofuata aliwaonya watu wasiikabidhi mashine kazi ya moyo wa mwanadamu.

Mashine za leo zina maneno mengi zaidi kuliko ile. Zaweza kukukumbusha jambo, au kukupangia maneno utakayomwambia mwalimu wa mtoto wako. Lakini mashine haitasikia kilio cha mtoto chumba cha pili, wala haitabisha hodi kesho kuuliza umeamkaje. Itumie kama kitabu, usiifanye jamaa.

8. Mambo yasiyongoja

Yako mambo ambayo simu peke yake haitoshi, na kuchelewa ni hatari:

Mtu anayetaja kujiua, au mama aliyejifungua ambaye halali, hali, na hamtaki mtoto wake, apelekwe hospitali. Mbeya iko Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Sonona ni maradhi, si laana.

Mtoto anayeumizwa au kuingiliwa, na awe ni nani aliyemfanyia, habari zake zifikishwe kwa ofisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa namba 116. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza mtoto kuteswa na kuadhibiwa kikatili, na imeiweka juu ya jamii kazi ya kutoa habari. Kuficha ili "tusiaibike" si sitara. Ni kumsitiri dhalimu.

Mke anayepigwa asiambiwe avumilie tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imesema kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzake wa ndoa adhabu ya mwili. Sheria hiyo hiyo imeweka Mabaraza ya Usuluhishi wa Ndoa, na kwa kawaida shauri la talaka halipokelewi mahakamani kabla baraza halijajaribu kupatanisha. Hili laafikiana na mafundisho ya Sura ya nne ya Kurani Tukufu, kwamba ikihofiwa mfarakano achaguliwe mwamuzi mmoja katika jamaa za mume na mmoja katika jamaa za mke; nao wakitaka suluhu kweli, Mungu atawawezesha.

9. Fimbo na ulimi

Sasa turudi kwa yule mtoto wa miaka 13, maana yeye ndiye hasa mwenye kesi.

Utafiti wa taifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 juu ya ukatili kwa watoto ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepata kupigwa au kuumizwa kabla ya kufika miaka 18. Kama fimbo ingekuwa inatengeneza watu, basi tungalikwisha kutengenezwa sote.

Seyidna Ahmad a.s. alilichukia sana jambo la kuwapiga watoto. Aliliona kuwa lakaribia ushirikina, kwani mpigaji mwenye hasira ni kama anataka kujifanya mshirika wa Mungu katika kuongoza. Alifundisha kwamba badala ya kushika fimbo, mzazi ashike dua. Na Anas r.a., aliyemtumikia Mtukufu Mtume s.a.w. miaka kumi tangu akiwa mtoto, alishuhudia kwamba hakupata kuambiwa na Mtume hata neno la kuchoshwa. Bwana mmoja aliyekuwa na watoto kumi, Akra bin Habis, alipomwona Mtukufu Mtume s.a.w. akimbusu mjukuu wake alisema kwamba yeye hakupata kumbusu hata mmoja. Akajibiwa kwamba asiyehurumia hatahurumiwa.

Tazama pia namna Luqmani alivyomwonya mwanawe. Mara tatu amemwita kwa lile neno la Kiarabu ambalo si "mwanangu" tu, bali "kijana wangu mpenzi". Kwanza jina la mapenzi, ndipo onyo. Na wasia wake unakwisha kwa kumfundisha kushusha sauti. Ni vigumu kumfundisha mtoto kushusha sauti kwa kumpigia kelele.

Wataalamu wa malezi wa leo wafika mahali pale pale kwa njia yao. Mpe kila mtoto dakika chache zake peke yake kila siku, simu ikiwa imewekwa chini. Akifanya jema, lisifu kwa jina lake: "Umechota maji bila kuambiwa, ahsante." Amri iwe moja na iwe wazi. Adhabu iwe ndogo, ijulikane mapema, na itimizwe bila matusi. Na ukijiona unapanda hasira, toka nje, vuta pumzi, rudi baada ya muda. Mtukufu Mtume s.a.w. alikwisha kufundisha kwamba aliyekasirika akiwa amesimama akae chini. Wala haidhuru mzazi kumwambia mtoto, "Jana nilikukosea." Heshima yako haitapungua, yeye atajifunza toba kwa kuiona.

10. Jawabu kwa mama wa Soweto

Basi mama, ifungue kanga yako, upige ile namba, baada ya kumpima mshauri kwa mambo yale matano. Kabla ya kupiga, sali rakaa mbili. Ukimaliza kuzungumza, mwambie mumeo atakapopiga kutoka njiani kwamba umelemewa, na kwamba mwanawe ahitaji kusikia sauti ya baba yake kila usiku, hata kwa dakika tano. Deni la kausha damu usilifiche tena. Nusu ya yale mapigo yalitoka huko, nalo halimhusu mtoto. Na siku moja ya mapumziko, mchukue kijana wako mpande gari kwenda Rungwe kwa bibi yake.

Nasi tulio jirani yako hatukuachwa nje ya somo hili. Ikiwa muumini mpya katika mtaa wetu yambidi atafute wa kumsikiliza umbali wa zaidi ya kilomita 800, na sisi tu hatua hamsini kutoka mlangoni pake, yatupasa tujiulize swali kabla hatujamuuliza yeye.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe za utulivu, na wenzi wetu na watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu. Amin.

Maswali ya kujipima

1. Khaula alifanya nini shida ilipomfika, nasi twajifunza nini katika kitendo chake?
2. Ni tofauti gani iliyopo kati ya kutafuta tiba na kuifunua nyumba?
3. Taja mambo matano ya kumpimia mshauri.
4. Ni mambo gani yasiyongoja simu?
5. Yuko nani karibu nawe aliyelemewa, ambaye hujapata kumuuliza, "Umeamkaje?"